Ficha Ndoo ya Maji: Namna ya Kukoroga Mota ya Jiopolima

Pima maji ya kuyeyushia kostiki soda, kisha ndoo iliyobaki ifiche. Ipeleke kwa jirani, ifungie stoo, au mkalishe mtu juu yake. Mota ya jiopolima ikianza kuwa nzito, mkono wa fundi aliyezoea saruji huenda kwenye maji wenyewe, na kazi huharibikia hapo. Saruji huyafanya maji kuwa sehemu ya mwili wake. Jiopolima hutumia maji kuyeyusha na kusafirisha, kisha mengi huyaachia yatoke, na yalipokuwa panabaki vitundu. Ukizidisha maji utapaka kwa raha leo, na ukuta utakuwa dhaifu.

Katika jiopolima, kinachoshika badala ya saruji ni unga wenye silika na alumina, ukichokozwa na kostiki na silikati ya sodiamu, vitu ambavyo watengeneza sabuni wanavijua vizuri. Mmumunyo wa molari 8 una gramu 320 za kostiki katika kila lita. Weka kostiki kidogo kidogo ndani ya maji; usimwage maji juu ya kostiki, kwa maana itachemka na kurukia macho. Glavu na miwani ni lazima. Sufuria ya alumini isikaribie kabisa, kwani italiwa huku ikitoa haidrojeni. Uache mmumunyo upoe hadi kesho yake.

Sasa chagua unga, na hapa usikubali kuambiwa kwamba unga ni unga. Majivu laini ya makaa ya mawe kutoka mitambo ya umeme yana chembe za mviringo zinazobingirika kama gololi, kwa hiyo mota hutandaa vizuri. Yakiwa na kalsiamu kidogo ni mavivu: maabara nyingi huyapasha nyuzi 60 hadi 80 kwa saa 24 ndipo yakaze. Ukitaka yakaze bila tanuri, badilisha sehemu yake kwa slagi ya viwanda vya chuma iliyosagwa. Kalsiamu yake huamsha mchanganyiko na nguvu hupanda. Lakini chembe za slagi zina kona na huganda upesi. Ukizidisha, mota itakaukia kwenye karai wakati bado unatafuta mwiko. Mchanganyiko wa slagi na majivu ndio uliotumika kwenye zege la maegesho ya ndege katika uwanja wa Wellcamp, karibu na Toowoomba, Australia, uliofunguliwa mwaka 2014.

Mimi moyo wangu uko Pugu, nje kidogo ya Dar es Salaam, kwenye udongo mweupe wa kaolini. Ukichomwa kwa nyuzi 700 hivi, unakuwa metakaolini, unga wenye hamu kubwa ya kuungana. Nguvu yake ni nzuri sana, ila chembe zake ni vibamba vyembamba vinavyofyonza mmumunyo, na mota huwa nzito mapema. Majivu ya maganda ya mpunga nayo yamejaa silika, lakini yana vinyweleo. Yasage sana, uyatie kidogo. Dawa ya kulainisha zege usiiamini kabla ya kuijaribu: nyingi za polikaboksileti huvunjwa na ukali wa kostiki.

Mota ikiwa nzito, punguza slagi au metakaolini, ongeza majivu laini, ukoroge upya. Ipime kwa meza ya mtandazo: koni ya milimita 100 chini, 70 juu, kimo 50. Ijaze, inyanyue, meza iruke mara 25 kwa sekunde 15, kisha pima upana wa duara. Rudia baada ya dakika 15 na 30, maana yenye slagi hubadilika haraka.

Kisha mimina vipande vya mchemraba vya milimita 50 na uvivunje siku ya 7 na ya 28 ili kupima nguvu. Vichukue kwenye karai lile lile linalokwenda ukutani, siyo mchanganyiko uliokorogwa kwa adabu maalumu kwa ajili ya maabara.