Maneno Yaje, Fonti Ibaki Kwao

Anayebandika maneno anataka maneno. Dai hili lisingehitaji mtetezi, ila programu za kuandikia zimelipinga miaka nenda miaka rudi. Katibu wa kikundi anakopi kifungu kimoja cha sheria kutoka kwenye tovuti ili akitie katikati ya katiba yao, iliyopangwa ikapangika kwa Times New Roman 12. Kifungu kinaingia na fonti yake, ukubwa wake, nafasi zake kati ya mistari, na ule ukijivu wa nyuma ya maandishi ambao kwenye skrini hausumbui, lakini ukichapwa na printa ya steshenari yenye wino mweusi tu, unatoka utepe mchafu kutoka pambizo hadi pambizo. Umemwalika mgeni chakula cha mchana, naye kafika na kitanda, chandarua na fundi wa kupaka rangi sebule. Katibu anabadili fonti, inatii. Anabadili ukubwa, unatii. Ukijivu unabaki palepale, na huku chini Ibara ya 7, ambayo haikumkosea mtu, imeshageuka Ibara ya 1.

Watu husema kompyuta ina mashetani. Haina, inafanya ilichoambiwa. Ukikopi kutoka kwenye tovuti, kivinjari huweka akibani zaidi ya nakala moja ya maneno yaleyale: moja na mapambo yake yote, nyingine maandishi matupu. Programu inayopokea ndiyo huchagua, na kwa kawaida huiendea ile iliyovaa zaidi. Yaani maandishi matupu yapo, yamekwisha kuletwa mpaka mlangoni, hayagharimu kitu, na bado yanarukwa. Word nayo ina lake: mpangilio wa aya hukaa kwenye alama ya mwisho wa aya, ambayo kwa kawaida imefichwa. Ukivuta kipanya ukaigusa, umebeba sentensi pamoja na ujongezo wake na namba zake. Ukiishia herufi moja kabla, mambo yanaweza kuwa mengine kabisa. Ndiyo maana jambo lilelile jana lilikubali na leo limegoma, na mwenye kompyuta anaanza kutafuta aliyemroga.

Atatokea mtu wa historia anikumbushe kwamba kubandika kulianza kwa mkasi na gundi, na kipande cha karatasi kilikuja na mwandiko wake. Kweli, na Larry Tesler na Tim Mott walipoiunda programu ya Gypsy huko Xerox PARC, California, katika miaka ya 1970, kazi hiyo ya mkasi ndiyo waliyoihamishia kwenye skrini. Lakini karatasi haikuwa na hiari, kompyuta inayo. Na gundi, pamoja na uchafu wake wote, haikuwahi kubadili namba za aya ya jirani.

Mwingine atasema maandishi matupu hupoteza herufi za mlazo, tanbihi na majedwali. Anayetaka jedwali na aliombe. Kuhusu mlazo, Word ina njia ya katikati, ile ya kuchanganya mipangilio: maneno huchukua fonti na ukubwa wa mahali yalipofikia, yakabaki na mlazo na uzito wake. Hiyo ikiwa ndiyo desturi ya kila programu, sina ugomvi. Nikiambiwa kwamba chaguo lipo siku zote, ni kile kialama kinachochomoza pembeni, najibu kwamba huchomoza baada ya kubandika, katiba ikiwa imeshaharibika. Nikiambiwa kuna Ctrl+Shift+V ya kubandika maandishi matupu, naomba tuhesabu vidole: kuchafua ni viwili, ustaarabu ni vitatu.

Hoja pekee inayonikosesha raha ni ya wahadhiri. Wao ukijivu huo wanaupenda. Tasnifu ikifika na aya ya tatu ina rangi yake na viungo vya bluu vilivyopigiwa mstari, hakuna haja ya kumuuliza mwanafunzi aliitoa wapi. Wanyang'anye ushahidi huo nao watalalamika, na watakuwa na haki kidogo. Ila anayenaswa kwa fonti ni mwizi mvivu. Mwenzake aliyeyapitishia maneno yaleyale kwenye Notepad kwanza, saa hizi yuko kwenye foleni ya mahafali anapimwa joho.