Heri Chombo Kinachokwama

Ipo programu ambayo wengi waliowahi kuhamisha hifadhidata wameilaani, nami nataka kuisifu. Ni ile ambayo muuzaji wa mfumo mpya anakukabidhi ili igeuze kweri zako za zamani ziendane na SQL yake. Ukiiwasha inameza maelfu ya mistari kwa muda mfupi, halafu inakwama na kukutupia rundo la kweri zilizoishinda. Sifa zangu ni za rundo hilo.

Chukua kazi inayofanywa sana siku hizi, ya kuhama kutoka Oracle kwenda PostgreSQL. Pande zote mbili ni SQL, lugha yenye kiwango rasmi tangu 1986, ndiyo maana wakubwa wa ofisi hudhani ni suala la kubofya na kusubiri. Ila Oracle iliingia sokoni mwaka 1979, kabla ya kiwango hicho, na ina mazoea yake. Aliyetaka kuorodhesha wateja wote, hata wasio na ankara, aliweka alama ya (+) kando ya safu; LEFT JOIN ilikubaliwa kuanzia toleo la 9i tu, mwaka 2001. Ofisi iliyoandika ripoti zake kabla ya hapo ina (+) kila kona. Na sharti moja la jedwali la ankara likikosa alama hiyo, wateja wasio na ankara hutoweka kwenye ripoti kimyakimya. Kibadilishi kikisita hapo, mtu analazimika kuuliza: hawa walitakiwa waonekane au la? Miaka yote hiyo hakuna aliyeuliza, kwa sababu ripoti ilikuwa inatoka.

Napenda pia kinavyokiri. SSMA, chombo cha Microsoft cha kuhamia SQL Server, kikishindwa na kipande cha Oracle huandika ujumbe wa kosa na namba yake ndani ya msimbo wenyewe, mahali penye tatizo. Anayekuja kusafisha anajua aanzie wapi. Ni mafundi wangapi wanaokuachia kazi yenye alama ya wazi pale waliposhindwa?

Hata kosa lake lina faida. Tuseme mkurugenzi anapokea kila Jumatatu orodha ya wadaiwa sugu kumi. Kweri ya Oracle inasema WHERE ROWNUM <= 10 ORDER BY deni DESC. Aliyeiandika alidhani ameomba madeni kumi makubwa. Kumbe Oracle hugawa namba za ROWNUM kabla ya kupanga, kwa hiyo inachukua wadaiwa kumi inaokutana nao kwanza, halafu inawapanga haohao kwa ukubwa wa deni. Kibadilishi kinaweka LIMIT 10, ambayo PostgreSQL huitekeleza baada ya kupanga. Jumatatu ya kwanza kwenye mfumo mpya majina yanabadilika, simu zinalia, lawama zote zinakiangukia chombo. Na kweli kimekosea, maana kazi yake ilikuwa kuleta majibu yaleyale. Lakini ni siku hiyo ndipo ofisi inagundua kwamba mdaiwa wake mkubwa kuliko wote hajawahi kuandikiwa barua.

Suala la majina ndilo linalonigusa zaidi. Kwa Oracle maandishi matupu ni NULL, na ukiunganisha jina na NULL kwa alama ya || unarudishiwa jina lenyewe. PostgreSQL inakurudishia NULL. Kwa kuwa alama hiyo ipo pande zote mbili, ni rahisi kibadilishi kuipitisha bila kuigusa, na matokeo yake mtu asiye na jina la kati anapoteza majina yote: barua yake inaanza na “Ndugu” kisha nafasi tupu. Dawa ni COALESCE, kazi ndogo. Kubwa ni kwamba hatimaye kuna mtu amelifungua jedwali la wateja na kulisoma, akaona waliojaziwa nukta mahali pa jina la kati, waliojaziwa kistari, na wale ambao jina la ukoo limeandikwa mara mbili ili fomu ikubali.

Kibadilishi kisichokosea kingehamisha nukta hizo zote, na vistari, na wadaiwa waliofichika, bila mtu yeyote kuamka kitini. Hiki chetu kinatuamsha.

Ndiyo maana naumia nikiona lile rundo la mwisho linasukumiwa kijana wa mkataba peke yake. Sintaksia anaijua, tena vizuri. Anayejua kwa nini ankara zenye hali namba 7 hazihesabiwi mwisho wa mwaka ni mama wa uhasibu anayestaafu mwezi Juni, na huyo hajaitwa hata kikao kimoja. Aitwe wiki hii, apewe kiti karibu na skrini, na asomewe kweri moja baada ya nyingine.