Namna ya Kuwachangia Watoto wa Dranya Bila Kufika Dranya

Jambo la kwanza ni umbali, na hapo ndugu mwandaaji huna kazi, umbali upo tayari. Dranya ni gombolola katika wilaya ya Koboko, kwenye pembe ile ambako Uganda imepakana na Kongo upande mmoja na Sudan Kusini upande wa pili. Kutoka ukumbi wa hoteli utakaoukodi Kampala ni zaidi ya kilomita 500, na huo ndio mtaji wako. Watoto wa mtaa wa nyuma ya hoteli hawafai kuchangiwa usiku wa suti: mgeni akitoka nje kuvuta sigara anaweza kukutana nao, akawauliza kama wamekula. Wa Dranya atakutana nao kwenye bango tu.

Watu wa Koboko watapendekeza sherehe ifanyike kwao. Waambie hakuna umeme. Kauli hiyo ilikuwa na ukweli kwa miaka mingi, eneo zima la West Nile, iliko Koboko, lilipokuwa nje ya gridi ya taifa na kutegemea bwawa dogo la Nyagak na majenereta, na kisingizio kilichozoeleka hakidaiwi ushahidi mpya. Usijaribu kusema barabara ni mbovu. Lami imeshatoka Vurra, ikapita Arua na Koboko, ikafika Oraba mpakani. Baki kwenye umeme.

Sasa tuje kwenye kiini, yaani kumbukumbu. Usiku wa hisani unahitaji ujana wa wageni kuliko unavyohitaji utoto wa watoto. Mwenye pesa leo alikuwa na miaka ishirini siku moja, alikuwa na nywele, na kuna wimbo uliopigwa siku aliyokataliwa na binti fulani pale Makerere. Utafute wimbo huo. Kwa Uganda kazi ni nyepesi: warudishe Blu*3, mabinti watatu waliotoka kwenye shindano la Coca-Cola Popstars mwaka 2004, Jackie Chandiru, Lilian Mbabazi na Cindy Sanyu. Chandiru ana asili ya West Nile, kwa hiyo uhusiano na Koboko umeupata bila kulipa nauli. Taa zikizimwa, mkurugenzi wa benki akaanza kuimba kwa macho yaliyofumbwa, hapo ndipo bahasha ipitishwe. Usisubiri afumbue.

Ukidhani natania, angalia wakubwa walivyofanya. Usiku wa tarehe 28 Januari 1985, mastaa wa Marekani walikusanyika studio mjini Los Angeles kurekodi wimbo wa kuwachangia wenye njaa wa Ethiopia, ambao Michael Jackson na Lionel Richie waliutunga na Quincy Jones akausimamia. Usiku ukiwa umeshakwenda, Stevie Wonder akapendekeza kipande kimoja kiimbwe kwa Kiswahili. Kiswahili chetu hiki! Waylon Jennings, mwimbaji wa kantri, akajiondokea zake. Ikabidi watu wakumbushwe kwamba Ethiopia haizungumzi Kiswahili, na wazo likafa. Lakini somo la mwandaaji lilikuja baadaye. Stevie Wonder alikuwa amewaalika wanawake wawili wa Kiethiopia. Waliingia, wakashukuru kwa niaba ya nchi yao, baadhi ya mastaa wakatokwa machozi, kisha wanawake wale wakasindikizwa nje na kazi ikaendelea. Sijaona mpangilio bora kuliko huo. Mhitaji aingie usiku umekwiva, ashukuru kwa ufupi, atolewe kabla hajaonyeshwa kiti.

Miezi michache baadaye, tarehe 13 Julai 1985, likaja tamasha la Live Aid pale Wembley na Philadelphia. Anayekumbukwa zaidi siku ile ni Freddie Mercury wa Queen, kwa dakika kama 21 jukwaani. Mtoto wa Zanzibar huyo, amezaliwa Unguja mwaka 1946. Tamasha la kuisaidia Afrika likabebwa na mzaliwa wa Afrika ambaye hakuna aliyemtambulisha hivyo; waliokuja kama Waafrika walikuwa adimu. Mwaka 2005 lilipofuata Live 8, waandaaji walijirekebisha: wanamuziki wa Afrika wakapewa jukwaa lao, huko Cornwall, kwenye bustani za Eden Project, mbali kabisa na Hyde Park ya London walikokuwa wenye majina. Nawe fuata mfano huo. Wapiga kinubi cha adungu kutoka West Nile waje, tena wavae vizuri, wapige wakati wageni wanaegesha magari.

Suala la picha lina hatari zake. Mwaka 2019 mtangazaji Mwingereza Stacey Dooley alikuja Uganda kwa niaba ya shirika la hisani la Comic Relief, akaweka mtandaoni picha akiwa amempakata mtoto wa Uganda. Mbunge David Lammy akaja juu, akasema dunia haihitaji tena wazungu wanaojifanya wakombozi, na kelele zikawa nyingi. Makusanyo ya Red Nose Day, siku ya shirika hilo ya kuchangisha, mwaka ule yakapungua kwa pauni milioni 8 hivi, na Oktoba 2020 shirika likatangaza kwamba halitatuma tena mastaa Afrika kupiga filamu za namna hiyo. Wewe usitishike. Staa wa Kampala akimpakata mtoto wa Koboko, nani atamwita mzungu? Nguo ni zilezile nyeupe, miwani ileile imepandishwa kichwani, mtoto ni yuleyule ambaye hakuulizwa jina, ila sasa inaitwa uzalendo. Mwambie tu mpiga picha amfute kamasi baada ya kupiga, si kabla.

Bajeti ya maua isikusumbue. Mtoto anayesoma kwa UPE, ule mpango wa elimu ya msingi bila ada ulioanza mwaka 1997, hutengewa na serikali ruzuku ya shilingi 20,000 hivi kwa mwaka mzima. Ua la katikati ya meza lisipungue hapo, wageni wasije wakaona unadharau elimu.

Kisha mnada, na mnada ni keki. Iagize iwe na umbo la darasa: kuta za krimu, bati la biskuti, ubao wa chokoleti ulioandikwa kwa sukari nyeupe 1+1=2. Pembeni weka madawati madogo ya kaukau, yawe mengi, maana hapa ndipo mahali pekee yatakapoonekana. Mshereheshaji aanze na milioni moja. Mheshimiwa fulani atainunua kwa milioni mbili, na kwa kuwa ana kisukari ataitoa zawadi kwa mgeni rasmi. Mgeni rasmi hawezi kula darasa la watoto hadharani, atairudisha mezani iuzwe tena. Kwa ustadi keki moja inauzwa mara nne na haijakatwa, na hadi saa sita za usiku inakuwa imeingiza milioni tisa, nane na nusu zikiwa ahadi. Mwisho watailamba wahudumu jikoni, ndio pekee usiku ule watakaokula kwa njaa.

Niseme kidogo juu ya ahadi, kwa sababu wengi hulaumu kitu wasichokielewa. Pesa taslimu huhesabiwa, huibiwa, hukaguliwa. Ahadi haina dhambi hizo. Juni 2017 viongozi wa dunia walikutana Munyonyo kando ya Ziwa Victoria, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa António Guterres akiwapo, kuichangia Uganda kwa ajili ya wakimbizi ambao wengi wao walikuwa wameingia kupitia West Nile. Lengo lilikuwa dola bilioni 2. Zilizotajwa ukumbini zilifika kama dola milioni 358, nazo zilikuwa za kutajwa. Mwaka uliofuata wakimbizi wakahesabiwa upya kwa alama za vidole: vitabuni walikuwa kama milioni 1.4, vidole vikaleta milioni 1.1. Kwa hiyo ahadi nyingi hazikuwa na pesa na wakimbizi laki tatu hawakuwa na vidole. Ukiwa na hesabu zinazofanana pande zote mbili namna hiyo, mkaguzi atakusumbua kwa lipi?

Jihadhari na jambo moja tu: mtu wa Koboko asije akapewa nafasi ya kutoa. Huko kuna historia mbaya ya mambo hayo. Idi Amin, ambaye ukoo wake ni wa huko, alikuwa muuaji na hatuna sababu ya kumsafisha, lakini Desemba 1973 alianzisha mfuko wa kuiokoa Uingereza, iliyokuwa taabani kiuchumi chini ya Edward Heath. Akatoa shilingi 10,000 mfukoni mwake. Januari 1974 akapeleka simu ya maandishi London: watu wa Kigezi wamechanga lori zima la mboga na ngano, tafadhali leteni ndege haraka kabla havijaoza. Ndege haikuja. Wakubwa wanajua kukaa kwenye kiti cha mtoaji. Ukiwahamishia kile kingine wanasahau hata kusema asante.

Na wazee wa huko ndio usiwaguse kabisa. Mwalike mmoja, mpe kipaza sauti, umwambie akumbuke zamani kidogo. Ataruka Blu*3, ataruka Live Aid, atatua mwaka 1979, Amin alipoanguka na kisasi kilipofuata, watu wa West Nile wakavuka mpaka kwa makundi kuingia Sudan na Zaire. Atakuambia alivyofika upande wa Yei na sufuria moja na watoto, na nani alimkatia kipande cha shamba alime. Akimaliza hapo atakuja miaka hii, wajukuu wa waliomkatia shamba walipokimbia vita na kuvuka kuja kwake. Bidibidi pale Yumbe ilifunguliwa Agosti 2016 na ikapokea watu zaidi ya laki mbili na nusu, wakakaa kwenye ardhi ya koo. Wenye ardhi waliitoa, wakaona visima na shule nyingine zikija, nyingine hazikuja. Hapakuwa na zulia jekundu. Hotuba ya namna hiyo inamharibia mgeni rasmi chakula, na haina mahali pa kukatiwa kwa makofi. Kama mzee amekwisha kufika ukumbini, mketishe karibu na spika kubwa na umwambie muziki ukipungua ataitwa.

Barua ya shukrani ya watoto wa Dranya iandikwe wiki mbili kabla, isomwe na staa kabla ya keki. Iandikwe na mtu mzima mwenye mwandiko mzuri anayejitahidi kukosea. Makosa matatu yanatosha, yakizidi wageni watauliza walimu wako wapi. Chini chora jua lenye miale na nyumba yenye mlango mmoja. Hundi kubwa ya karatasi ngumu usiikunje, mwaka ujao itabadilishwa tarakimu tu. Na mwalimu mkuu wa huko akipiga simu kuulizia madawati, mwambie kamati inakaa Alhamisi. Akiuliza Alhamisi ipi, mtandao wa huko unajulikana ulivyo. Sema haloo, haloo, halafu kata.