Waraka kwa Wapangaji wa Jiji: Twendeni Pugu kwa Baiskeli

Waheshimiwa wapangaji wa Jiji la Dar es Salaam,

Naomba niseme haja yangu kabla chai ya saa nne haijapoa mezani kwenu: nawaalika Pugu, kwa baiskeli.

Pugu mnaifahamu, sina shaka. Imo kwenye ramani zenu, na ramani zenu ni nzuri kuliko barabara zetu. Zinaonyesha misitu ya Pugu na Kazimzumbwi upande wa Kisarawe, kilomita 25 hivi kutoka Posta, zaidi ya hekta 7,000 zilizo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS) kama hifadhi ya mazingira asilia. Ila ramani ya mezani haichoshi mapaja. Mwenye gari hukanyaga mafuta kidogo na kilima kimekwisha. Mwenye baiskeli hukilipia mzunguko kwa mzunguko, na akifika juu hahitaji mtaalamu wa kumweleza maji ya mvua huelekea wapi. Huelekea kwenu. Mto Msimbazi huanzia katika vilima hivyo, ukapita mabondeni hadi Jangwani, kisha baharini.

Kwa hiyo tukutane Jangwani, penye karakana ya mabasi ya mwendokasi. Ilijengwa bondeni, na mvua kubwa zinaponyesha mto huja kudai kitanda chake. Sitauliza ni nani alitia saini, adabu inanikataza. Najua pia kuna mradi mkubwa wa kuendeleza Bonde la Msimbazi, na daraja jipya limo ndani yake. Tunashukuru. Lakini daraja huvuka maji, haliyapunguzi.

Hapo Barabara ya Morogoro mtaona njia za baiskeli zilivyo na shughuli nyingi: kijiwe cha bodaboda, meza ya viatu vya mitumba, maegesho ya mwenye haraka. Wachuuzi siwalaumu. Wamekipatia matumizi kitu kilichojengwa kisha kikasahauliwa. Tutakata Kariakoo, tushike Barabara ya Nyerere, ambayo wazee bado wanaiita ya Pugu, tupite Tazara na uwanja wa ndege hadi Gongo la Mboto. Kuanzia hapo shusheni gia, wala msione haya kuhema.

Mtapitwa na malori ya taka yakielekea dampo la Pugu Kinyamwezi. Zibeni pua kwa heshima. Mizigo ile imetoka majumbani mwetu. Upande wa pili watateremka waendesha baiskeli hodari kuliko sisi sote, magunia ya mkaa yamefungwa kwa mipira nyuma ya tandiko, lumbesa juu ya lumbesa, breki zikilia. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo 2034. Mkaa ule haujausoma. Unashuka mjini kwa sababu mjini kuna wanunuzi, na miongoni mwa wanunuzi, samahanini, ni mimi na nyinyi.

Kisha tutaingia msituni. Kiingilio kilipeni, kitambulisho cha kazi kibaki mfukoni. Humo njia ni ya udongo, matawi yanagusana juu ya kichwa, na honi zinakwisha. Mtasikia hondohondo kabla hamjawaona. Usiku hutoka komba wa Rondo, mnyama asiyefika gramu 100, ambaye duniani kote anaishi katika vipande vichache tu vya misitu ya pwani ya Tanzania. Hajawahi kualikwa kwenye warsha yoyote inayomhusu. Yako pia mapango yaliyoachwa na wachimbaji wa kaolini, yenye popo wanaotoka kwa wingi jioni. Angalieni na ardhi yenyewe: penye miti maji hunywea taratibu, na palipokatwa mvua imechimba mifereji. Udongo uliotoka humo unajua njia ya Jangwani.

Kwa yule atakayeuliza kama kutakuwa na gari la kutufuata nyuma, namkumbusha kwamba Mwalimu Nyerere alifundisha hapa Pugu hadi alipoacha kazi mwaka 1955, na wazee husimulia kuwa alikwenda kwenye shughuli za TANU mjini hata kwa miguu. Sisi tuna magurudumu mawili, na kurudi ni mteremko.

Sasa ombi langu. Kabla ya kusaini waraka mwingine wowote wa mafuriko ya Jangwani, kila mwenye kalamu awe amekipanda kilima hiki kwa miguu yake. Hesabu ya bonde ianzie juu, kwenye mti unaokatwa, ndipo ishuke kwenye zege. Na mkiona kati ya Gongo la Mboto na Kisarawe panastahili njia ya baiskeli, wekeni, kisha mtume mtu wa kuilinda isigeuke gulio.

Tuondoke Jumamosi saa 12 asubuhi. Posho ya safari haipo, mahindi ya kuchoma yapo. Asiye na baiskeli aseme mapema, nimwombee kwa fundi wangu. Asiye na nafasi atume naibu, mradi huyo naibu asije na dereva.

Wenu mtiifu pembezoni mwa lami,
Mwendesha baiskeli