Heko kwa Timu Inayojengwa Milele

Wanaowasifu mabingwa ni wengi, na mabingwa wenyewe hawana shida ya mtetezi. Mimi nimeamua kupeleka sifa mahali zisikofika. Nawasifu Chicago White Sox, timu ya besiboli ya upande wa kusini wa jiji la Chicago, ambao mwaka 2024 walicheza mechi 162 wakapoteza 121. Tangu karne ya 20 ianze, hakuna timu ya ligi kuu ya Marekani iliyopoteza mechi nyingi hivyo katika msimu mmoja. New York Mets walipopoteza 120 mwaka 1962 walikuwa na udhuru: ndio kwanza timu ilikuwa imezaliwa. White Sox walikuwa na umri wa zaidi ya miaka 120 na mataji matatu ya World Series kabatini. Kuharibikiwa kiasi hicho ukiwa mtu mzima kunahitaji bidii.

Kwa hiyo siwakubali wanaosema eti ilikuwa bahati mbaya. Bahati mbaya haina nidhamu ya kuripoti kazini karibu kila siku, kuanzia mwisho wa Machi hadi mwisho wa Septemba, bila kuomba hata ruhusa ya kwenda hospitali. Ile ilikuwa mipango.

Msomaji aliyekulia kwenye soka atauliza sasa wako daraja gani. Wako palepale. Marekani hakuna kushuka daraja. Klabu ni mali ya mtu, na nafasi yake kwenye ligi haitikisiki hata akichapwa mpaka majirani wamwonee huruma. Si hivyo tu: anayeshika mkia hutunzwa. Kila mwaka klabu huchagua chipukizi kwa zamu, na walioshindwa sana husogezwa mbele ya foleni. Humo ndimo ilimozaliwa hekima ya zama hizi, kwamba kama huwezi kuwa wa kwanza, usijisumbue kuwa wa kati. Uza kila kinachouzika, pokea vijana, kaa usubiri. Hayo wakubwa wa klabu huyaita kuijenga timu upya, na huu wa sasa ni ujenzi wa pili ndani ya miaka kumi.

Faida yake ya kwanza ni amani ya moyo. Shabiki wa New York Yankees huwa na presha kuanzia Aprili mpaka Oktoba. Sisi wa White Sox mwaka ule wa 2024 tuliachiliwa mapema: katika mechi 25 za mwanzo tulishinda 3, na kabla Aprili haijaisha tulikuwa watu huru. Vikaja vichapo 14 mfululizo, Mei kuingia Juni. Vikaja vingine 21 mfululizo, Julai kuingia Agosti, tukalingana na Baltimore Orioles wa mwaka 1988 walioshikilia rekodi hiyo katika American League, nusu yetu ya ligi kuu. Agosti 6 timu ikateleza, ikashinda 5–1 ugenini Oakland. Siku mbili baadaye kocha Pedro Grifol akafukuzwa. Alivumiliwa vichapo 21. Ushindi mmoja ukamponza. Mtu asiseme klabu haina msimamo.

Mwisho wa Septemba, rekodi ya Mets ikiwa imebakiza kichapo kimoja ivunjwe, watu walikuja uwanjani Chicago kushuhudia historia, wengine wakiimba kumtaka mwenye timu aiuze. Timu ikawanyima hata hiyo historia: ikawashinda Los Angeles Angels mara tatu mfululizo. Fikiria mtu aliyenunua tiketi aone kushindwa, akaishia kuona ushindi! Rekodi ilikuja kuvunjwa Septemba 27 mjini Detroit, kwa 4–1, mbele ya watu waliokuwa na furaha yao nyingine kabisa, kwa sababu usiku huohuo Tigers, timu ya nyumbani, walifuzu kwa mchujo. Aibu yetu ya karne ikamezwa na sherehe ya wenyeji.

Nije kwenye usajili, maana hapo ndipo penye elimu. Shabiki wa timu nyingine hukariri majina ya wachezaji. Wa White Sox hukariri nasaba, kama mzee wa Lamu anayekutajia babu zake mmoja baada ya mwingine hadi Hadhramaut. José Quintana aliuzwa Julai 2017 kwa mahasimu wetu wa upande wa kaskazini, Chicago Cubs, akamzaa Eloy Jiménez na Dylan Cease. Jiménez alipiga, akaumia, akapona, akaumia tena, akapelekwa Baltimore mwaka 2024. Cease alipelekwa San Diego Machi mwaka huohuo, akamzaa Drew Thorpe na wenzake watatu. Na Thorpe huyo San Diego hakuwa mwenyeji. Alikuwa amefika miezi michache tu nyuma kutoka kwa Yankees, katika mabadilishano ya nyota Juan Soto. Akaja kwetu, akarusha mechi chache, kiwiko kikakataa, akapasuliwa. Chris Sale aliuzwa Boston Desemba 2016 akamzaa Yoán Moncada na Michael Kopech. Moncada siku hizo alitajwa miongoni mwa chipukizi bora kabisa wa mchezo huu. Baada ya msimu wa 2024 klabu ililipa dola milioni 5 ili isilazimike kumlipa milioni 25 za mwaka uliofuata. Kopech akauzwa kwa Los Angeles Dodgers, naye akamzaa Miguel Vargas.

Na ajabu ni kwamba mtu akishatoka nje ya lango letu, hupata nuru. Sale ndiye aliyemtoa mpigaji wa mwisho Boston walipotwaa ubingwa mwaka 2018. Mwaka 2024, akiwa Atlanta, na miaka 35 mgongoni, akachukua tuzo ya Cy Young ya mrushaji bora. Cease hakuwa amefikisha miezi mitano San Diego pale Julai 25, 2024, alipowanyima Washington mpigo hata mmoja mechi nzima. Kopech alikuwa bingwa miezi mitatu baada ya kutuaga. Kuona wivu ni upungufu wa adabu. Klabu yetu ni karimu: huwalea vijana kwa gharama yake, wakikomaa huwagawia wahitaji, wakiwemo Dodgers ambao, kama kila mtu ajuavyo, hawana kitu.

Katikati ya vichapo vyote vile vya 2024 tulibaki na mrushaji mmoja wa kutisha, Garrett Crochet. Ulikuwa msimu wake wa kwanza kuanzisha mechi, na wapigaji 209 waliukosa mpira wake mpaka wakarudi benchi. Kwa hesabu za ujenzi, kijana wa namna hiyo ni hatari. Anaweza kukushindia mechi bila idhini. Desemba akauzwa Boston kwa vijana wanne: Kyle Teel, Braden Montgomery, Chase Meidroth na Wikelman González. Mwaka 2025 Crochet akawatoa wapigaji 255 kwa namna hiyo, hakuna mrushaji aliyemzidi katika ligi nzima. Nasema bila kejeli, japo hapa si mahali pake: mauzo hayo yalikuwa na akili. Teel ni mdakaji wa kweli, Meidroth ana jicho, na mrushaji mmoja hawezi kuibeba timu inayocheza kila siku ilhali yeye anarusha mara moja katika siku tano. Lakini mtu hawezi kwenda uwanjani kuangalia akili.

Wapo wanaoshauri kwamba timu ijaribu tu kushinda. Hao historia hawaijui. Juni 2016 tulijaribu. Tulitaka mrushaji mzoefu, tukamchukua James Shields kutoka San Diego, tukawaachia kijana wa miaka 17 ambaye hakuwa amecheza hata mechi moja ya kulipwa. Jina lake Fernando Tatis Jr. Kabla ya hapo, Desemba 2014, tulijaribu pia: tukamleta Jeff Samardzija, tukamtoa Marcus Semien, ambaye mwaka 2023 alikuwa bingwa na Texas. Mkamia maji hayanywi. Timu isiyokusudia kushinda haiwezi kumpoteza Tatis wa pili kwa tamaa ya ushindi. Itampoteza kwa sababu nyingine.

Ujenzi wa kwanza, kwa kweli, ulikaribia kuharibu kila kitu kwa kufanikiwa. Mwaka 2021 tulishinda mechi 93 tukaongoza kundi letu. Hapo klabu nyingine ingeingiwa na papara ikafungua mkoba. Mwenye timu yetu, Jerry Reinsdorf, ambaye amekuwa nayo tangu mwaka 1981, hakuyumba. Alikuwa amekwisha kumrudisha kocha Tony La Russa, mwenye miaka 76, aliyepewa kazi hiyo mara ya kwanza na klabu hiihii mwaka 1979. Mkataba mkubwa kuliko yote katika historia ya klabu ulitolewa Januari 2023 kwa Andrew Benintendi, dola milioni 75 kwa miaka mitano. Hii ni Chicago, jiji la tatu kwa ukubwa Marekani. Mwisho wa mwaka uliofuata Mets walimpa Juan Soto milioni 765. Huo ndio ulimbukeni tulioepushwa nao. Na Juni 2025 ilitangazwa kwamba tajiri Justin Ishbia anaweza kukabidhiwa klabu wakati fulani kati ya mwaka 2029 na 2033. Hata kumpata mwenye timu mpya nako tumewekwa foleni.

Haki itendeke kwa mababu: falsafa hii si yetu. Mwaka 1899 ndugu wawili wa ukoo wa Robison walikuwa na klabu mbili kwa wakati mmoja, moja Cleveland na nyingine St. Louis. Wakawahamishia nyota wote St. Louis, akiwemo Cy Young mwenyewe ambaye jina lake limo kwenye ile tuzo ya Sale. Waliobaki Cleveland, wakiitwa Spiders, wakashinda mechi 20 na kupoteza 134. Ligi ya enzi hizo haikujaliwa subira. Msimu ulipokwisha, ikaifuta timu.

Malipo yetu kwa vichapo 121 yalikuwa yapi? Ligi ya sasa inapiga kura ya bahati nasibu kupanga zamu za kuchagua chipukizi, na kanuni inasema klabu isiyopokea mgawo wa mapato kutoka kwa wenzake, yaani ya soko kubwa kama letu, haiwezi kuingia kwenye kura hiyo miaka miwili mfululizo. Sisi tulikuwa tumekwisha kuingia mwaka uliotangulia. Kwa hiyo timu mbovu kuliko zote kwa zaidi ya karne moja ilipewa zamu ya 10. Tumeshindwa hata kwenye mashindano ya kushindwa, na kwa hili, naomba nisieleweke vibaya, nawapongeza kwa moyo wangu wote. Kuna klabu zinazojua kupoteza kwa faida. Yetu ilipoteza bure, kama wasanii.

Na bado matunda yapo. Desemba 2024, kutokana na kuwa wa mwisho, tulipata zamu ya kwanza katika uchaguzi mwingine, ule wa watu walioachwa nje ya orodha za wachezaji 40 wa klabu zao. Huko unamchukua mtu kwa dola 100,000, kwa sharti kwamba abaki kwenye kikosi kikubwa msimu mzima, la sivyo anarudi kwao. Klabu zenye malengo haziwezi kumpa kiti mtu wa kujaribu. Sisi viti tulikuwa navyo. Tukamchukua Shane Smith, mrushaji ambaye Milwaukee hawakumwona wa lazima, na Julai 2025 alikuwa kwenye mechi ya nyota wote. Timu nzuri isingempata. Hiyo ni hoja ambayo mpaka leo sijasikia jibu lake.

Mwaka huohuo Mungu naye alituangalia: Mei 8 makadinali walimchagua mtoto wa Chicago kuwa Papa Leo XIV, naye ni White Sox. Kamera zilimnasa uwanjani kwenye mechi ya kwanza ya fainali za 2005, mwaka ambao tulitwaa ubingwa baada ya kuusubiri tangu 1917. Wakristo wenye shaka waelewe kwamba mtu aliyeandaliwa kuongoza Kanisa alihitaji mazoezi ya kutosha ya kuamini yasiyoonekana.

Msimu wa 2025, chini ya kocha mpya Will Venable, tulishinda mechi 60 na kupoteza 102. Mjini watu walipeana mikono. Mwanafunzi akifeli kwa alama hizo hufichwa chumbani. Sisi tuliona nafuu ya ushindi 19 zaidi, tukalala vizuri. Colson Montgomery, aliyepandishwa Julai, aliuvusha mpira uzio mara 21 katika mechi 71. Teel alipandishwa Juni akaupiga vizuri kuliko walivyotuahidi, naye ni mdakaji. Vijana hawa wawili sasa ndio wananinyima usingizi. Jioni, mmoja wao akiuvusha mpira ukatua kule kwenye viti, majirani zangu hupiga kelele. Mimi hufungua simu nikaangalia umri wake, mkataba wake unaisha lini, na Boston wana chipukizi gani wa kutupa.