Babu, K na Jirani Yangu

Kwa vitabu vya kutisha mimi ni mtu wa mpelelezi Bwana Msa. Mtunzi wake, Muhammed Said Abdulla, akinitisha, ananitisha kwa masharti tunayoelewana: maiti apatikane mapema, Bwana Msa awashe kiko chake, msaidizi wake Najum aulize yale maswali ambayo mimi naona haya kuuliza, na kabla ya jalada la nyuma kila kitu kiwe kimeelezwa. Mzimu wa Watu wa Kale ilitoka mwaka 1960 baada ya kushinda mashindano ya uandishi wa hadithi ya Afrika Mashariki, na tangu hiyo hadi Kosa la Bwana Msa ya 1984, mzee yule hajaninyima usingizi hata mara moja. Kwenye mzimu wote ule, aliyeua ni mtu. Akishajulikana, unazima taa unalala.

Aliyeniharibia mpango huu ni mpwa wangu. Kwa mila ya zamani ya sisi Wadigo, mali ya mtu ilikwenda kwa mtoto wa dada yake, kwa hiyo sijaondoa uwezekano kwamba alikuwa na haraka. Yuko chuo kikuu, na hawa wa chuo kikuu hawapendi kumwona mtu mzima ametulia. Akaniambia, "Mjomba, toka huko kwa Bwana Msa, watu wamesonga mbele." Akaniachia Babu Alipofufuka, riwaya ya Said Ahmed Mohamed ya mwaka 2001. Mwandishi nilimjua kwa Utengano, ambayo iliwahi kutahiniwa katika mtihani wa KCSE. Nikasema si haba, Mzanzibari huyu na yule wangu ni watu wa kisiwa kimoja, bila shaka mambo yatakuwa yale yale.

Wapi! Mhusika mkuu hana hata jina, ana herufi: K. Ni kigogo, mla rushwa, ameshiba. Babu yake aliyekwisha kufa na kuzikwa anamrudia na kumtembeza, amwonyeshe nchi ilivyoharibiwa na watu wa sampuli yake. Franz Kafka naye alikuwa na K wake, katika riwaya iliyotoka 1925, mwaka mmoja baada ya mwenyewe kufa, na yule K pia hakupewa mpelelezi wa kumsaidia. Hii herufi ina mkosi. Kila nilipofungua ukurasa nilimtazamia mtu mwenye kiko aingie, akohoe, aseme kwamba babu ni mwigizaji aliyepakwa unga. Hakuingia mtu.

Nilikwenda nayo Mombasa na kurudi nayo. Kwenye matatu ya kutoka Likoni, abiria wa kiti cha nyuma alisoma jalada kwa sauti, na kabla hatujafika Ngombeni gari zima lilikuwa likijadili. Mama mmoja alitaka kujua amefufukia wapi, asije akawa ni mtu wa kwao Tiwi. Makanga aliuliza kama huyo babu alilipa nauli. Nilishuka Ukunda nikachukua bodaboda hadi Kinondo, na dereva wa boda naye akaniuliza habari za babu, sijui zilimfikiaje.

Usiku stima ikapotea, kama ilivyo ada yake wingu likijikusanya tu baharini. Nikajitia ndani ya chandarua na tochi ya simu. Mama watoto alikuwa amelala. Shangazi yangu wa Msambweni, aliyekuja kwetu kusubiri siku ya kupasuliwa mtoto wa jicho, alikuwa chumba cha pili. Babu na K wako njiani. Mimi niko nao.

Sasa, komba. Aliyekulia pwani hii hahitaji kuelezwa komba: kinyama kidogo cha usiku, macho kama vikombe vya kahawa, na kilio cha mtoto mchanga aliyeachwa msituni. Nakijua kilio hicho tangu sijaingia chuoni kusoma alifu. Lakini kilipopigwa kwenye mkorosho wa nyuma ya nyumba, na mwenyewe akafuatia kwa kuruka juu ya mabati, puu, usawa wa kichwa changu, elimu yangu yote ya wanyama ilinihama. Nilipiga ukelele. Simu ikaanguka na kuzimika, chandarua kikakatika kamba na kunifunika gubigubi, na neno lililonitoka, ambalo nadhani lilisikika hadi Gazi, lilikuwa "Babu!"

Babu yangu mzaa baba ni babake shangazi. Tena kaburi lake liko pale pale nje, hatua chache kutoka dirishani.

Mlango ukafunguliwa. Mimi bado napigana na wavu, mama watoto anasoma Ayatul Kursi, jirani yetu amekwisha fika uani na rungu na tochi. Shangazi hakuuliza kama nimeumia. Alisimama kizingitini, leso begani, akaniuliza taratibu: "Baba amesema nini?"

Nikamwambia hajasema kitu.

"Basi mbona amekujia wewe? Mimi ndiye mwanawe. Nimelala hapa hapa."

Ndivyo tulivyo huku. Anayetoka mbali akikisikia kitabu cha mzimu huogopa mzimu. Sisi tuna msitu mtakatifu wa Kaya Kinondo hapo kando, kaya iliyotiwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008 pamoja na kaya nyingine za Wamijikenda, na mgeni haingii mpaka afungwe kaniki kiunoni na aonywe asiokote hata jani. Wafu wetu hawana haja ya kufufuka, hawajaenda mbali. Koma, yaani mzimu wa mfu, akimjia mtu ndotoni, jambo ni moja tu: anataka nini, na ni nani atakayelipa.

Asubuhi ikabainika atakayelipa ni mimi. Jogoo akachinjwa, hitima ikasomwa, shangazi akatulia. Nilipojaribu kueleza kwamba babu mwenyewe ni wa kitabuni, alinitazama kwa lile jicho moja linaloona. "Kama ni wa kitabuni, nisomee."

Ikawa kila baada ya alasiri, barazani, mkeka unatandikwa na kahawa inakuja. Wakaja wavuvi, wakaja wanawake wa jirani na ukili wao wa kusuka, akaja jirani mwenye rungu, safari hii bila rungu. Shangazi alinikatiza tangu mwanzo. "Huyo ni babu mzaa baba au mzaa mama?" Nikamwomba tusonge mbele. Akasema hapana, ni muhimu. Kama K ana mali kiasi hicho, wa kumfufukia ni mjomba, babu anatafuta nini? Wazee wakatikisa vichwa kumuunga mkono. Sijaona uhakiki wa namna hii popote.

Hakuna aliyemwogopa babu, hata watoto. Alipotokea walimkaribisha. Ila kila tulipofika kwa K na vyake, na namna alivyovipata, baraza lilipoa, vikombe vikawekwa chini. Jirani yetu hufanya kazi katika ofisi fulani, amejenga ghorofa ambayo mshahara hauielezi, na jina lake, masikini, linaanza kwa herufi hiyo hiyo. Mvuvi mmoja akauliza, bila kumtazama mtu, ile njia ya kushukia baharini penye mbuyu ilikwenda wapi, maana siku hizi akifika pale anakuta ukuta na mbwa. Ripoti ya Tume ya Ndung'u kuhusu ardhi za umma zilizogawiwa kinyume cha sheria ilitoka mwaka 2004, na barazani petu kuna wanaoikumbuka. Hakuna aliyemtazama jirani. Ingekuwa afadhali wangemtazama.

Akakohoa. "Huyu K," akaniuliza, "hasa ni nani? Mbona jina hawalimalizi?"

"Ni hadithi tu, jirani."

"Na aliyekutuma uisome hapa ni nani?"

Shangazi ndiye aliyemjibu. "Baba yangu," akasema.

Tangu hapo sina hamu na Bwana Msa kama zamani. Yeye hunionyesha muuaji halafu humwondoa. K hakuondolewa, yupo, anapokea simu. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo riwaya ya kutisha, na mzimu ndani yake ndiye mtu wa pekee unayeweza kukaa naye ukanywa kahawa.

Jirani alikuja kuazima kitabu usiku, kwa mlango wa nyuma, na hajakirudisha. Ukitaka kukisoma katafute nakala nyingine, na kama jina lako linaanza kwa K, kisomee ndani.