Safu ya Ushauri: Ndoo, Hamira na Mama Mkwe

Rojo la kimea, ambalo ndilo kiini cha mikebe inayouzwa kwa wanaoanza kujipikia bia nyumbani, ni shayiri iliyooteshwa, ikakaushwa, ikalowekwa katika maji moto hadi wanga wake ukageuka sukari, kisha maji hayo yakachemshwa na kupunguzwa mpaka yakawa mazito kama asali. Kazi ngumu, kwa hiyo, imekwisha kufanywa kiwandani, na ajabu ni kwamba barua zinazoifikia safu hii zote zinahusu kazi nyepesi iliyobaki.

Msomaji wa Leeds, Uingereza, analalamika kuwa ndoo yake ya lita 23 haijatoa hata povu moja katika kizibo cha hewa, yaani kile kibomba chenye maji kinachoruhusu gesi kutoka bila hewa kuingia, naye anamshuku mama mkwe, ambaye alipita jikoni, akaitazama ndoo na kuguna. Shutuma hiyo haina msingi wa kikemia. Mara nyingi kifuniko cha ndoo ya plastiki hakibani sawasawa, gesi hupita pembeni, na bia huendelea kuchacha kimyakimya. Ndiyo maana mpikaji makini hahesabu mapovu bali hutumia haidromita, chombo cha kioo kinachoelea na kuonyesha uzito wa kimiminika ukilinganishwa na ule wa maji. Bia ya kawaida ya mkebe huanza karibu na 1.040, na hamira, ambayo ni viumbe hai vidogo vya jamii ya kuvu vinavyokula sukari na kutoa kileo pamoja na gesi, huishusha hadi karibu na 1.010, tofauti inayolingana na kileo cha takriban asilimia 4. Kipimo hicho cha chini kisipobadilika kwa siku 2 au 3 mfululizo, kazi imekwisha. Kikiwa bado 1.040 baada ya siku 3, huenda hamira iliuawa kwa kumwagwa katika rojo lililokuwa bado la moto, na mwuaji, kwa masikitiko ya safu hii, si mama mkwe.

Msomaji wa Birmingham anaeleza kwamba chupa zilizokuwa ndani ya kabati la nguo zilipasuka usiku, suti ya harusi ikalowa, na majirani wakadhani kuna uvamizi. Katika aya ya mwisho ya barua yake, kwa herufi ndogo kuliko nyingine, anakiri kuwa alijaza chupa siku ya nne kwa sababu binamu yake alikuwa njiani, na kwamba kila chupa aliitilia kijiko cha mezani cha sukari. Sukari ya chupani hukusudiwa kuzalisha gesi kidogo tu, na gramu 6 au 7 kwa lita zinatosha. Ikikutana na sukari ambayo hamira haijaimaliza ndooni, shinikizo hupanda hadi kioo hakistahimili. Binamu angeweza kupewa chai.

Kuhusu aliyeuliza kama hamira ya mandazi inafaa: inachachusha, lakini haitulii vizuri chini ya chombo, na ladha yake hukumbusha mkate kuliko bia.

Hatimaye, msomaji wa Columbus, Ohio, anataka kuuza bia yake katika harusi ya shemeji. Uingereza ilifuta leseni ya kujipikia bia mwaka 1963, na Marekani ikafuata kwa sheria iliyotiwa saini na Rais Jimmy Carter mwezi Oktoba 1978, ambayo inamruhusu mtu mzima kutengeneza bila kodi ya serikali kuu galoni 100 kwa mwaka, na nyumba yenye watu wazima 2 au zaidi galoni 200, kwa matumizi ya binafsi au ya familia. Kuuza hakumo katika ruhusa hiyo, hata kwa bei ya undugu. Shemeji apewe bure.